Isale Ng'ambo ya Mto Kagera

"Huyu aliyeandika, alikuwepo?"

Baba Mkubwa aliniuliza hivyo akiwa nyuma ya kaunta ya duka letu la vitenge, kidole gumba kikiwa katikati ya riwaya niliyompa. Nilimwambia kwamba riwaya ni riwaya, na kwamba mwandishi hodari anaweza kuandika baridi bila yeye mwenyewe kutetemeka. Chuo kikuu nilifundishwa maneno mengi ya namna hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, halafu akauliza tena.

"Sawa. Lakini alikuwepo?"

Tuliporudi kutoka safari ya Kagera mliniuliza ilikuwaje, na kila mmoja wenu nilimpa kipande. Haya sasa ndiyo yote. Habari za tiketi nimeziruka, hazina utamu.

Kariakoo

Kitabu chenyewe kinaitwa *Foleni ya Sabuni*. Nilikipata Posta, kwenye vitabu vya mitumba vinavyopangwa chini kando ya ukuta. Jalada limechanika, na jina la mwandishi ni moja tu, bila la ukoo, bila shaka la kubuni. Nilikinunua kwa ubishi. Shuleni Vita vya Kagera tulivisoma kama ngonjera: adui aliingia, tukampiga, tukarudi tukiimba. Nilikuwa nikijiuliza, nani alikuwa anapika? Watu walikuwa wanaoga wapi? Mwalimu aliniambia nisome yaliyo kwenye mtihani.

Kitabu hiki kinajibu, na ndiyo maana nawaambia mkisome. Askari wake hawatoi hotuba. Wanatembea kwenye mvua na buti zilizolowa, vidole vinachubuka, wanagombania kipande cha sabuni, wanadanganyana kuhusu wachumba. Mtu anakufa katikati ya aya, na sentensi inayofuata ni ya mpishi anayelalamika kwamba kuni ni mbichi. Nilisoma hapo mara mbili nikaona ndivyo ilivyo, hata msibani kwetu mtu huuliza chumvi iko wapi. Hakuna shujaa, ila kila mtu unamwonea huruma, hata mwizi wa viatu.

Nilimpa Baba Mkubwa, kaka yake baba, kwa sababu alipigana vita hivyo na hajawahi kutuambia lolote zaidi ya "kulikuwa na matope." Alikisoma polepole, kati ya mteja na mteja. Alipofika sura ya migombani, akawa hawasikii tena wateja.

Katika sura hiyo askari aliyeumia mguu anaachwa na mwenzake kwenye migomba, ng'ambo ya mto. Mwenzake anaahidi kurudi na gari. Harudi. Wanawake wa kijiji wanambeba askari yule kwa machela mpaka kwa daktari, na anapona. Kitu kimoja cha kukumbuka: askari huyo anavaa kijiko chake shingoni, kimefungwa kwa kamba ya kiatu, maana kambini vijiko vinaibwa.

"Yohana," Baba Mkubwa alisema. "Yohana alikivaa hivyohivyo. Na mtu aliyeahidi gari ni mimi."

Nilimwambia askari wengi wangeweza kupata akili hiyo hiyo.

"Wengi," alikubali. "Lakini kama huyu alikuwepo akaona, basi Yohana alipona. Kama ametunga tu..." Akafunga kitabu, akampigia simu shangazi yetu aliyeko Marangu amtumie isale.

Kwa wasiojua: isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, na kwetu Uchagani ukimkosea mtu unakwenda kwake nalo mkononi. Akiliona, hawezi kukukatalia msamaha. Nami nikauliza, unampelekea nani wakati hujui kama yu hai?

"Nitalipeleka nilipomwacha."

Lilifika kwa basi la Moshi, na mizizi yake, limeviringishwa kwenye gazeti lililoloweshwa maji. Jirani yetu Mzee Salim, ambaye babu yake alitoka Yemeni na ambaye duka lake la vyombo linatazamana na letu, alituona tukishusha shata la duka.

"Mangi! Wenzako wakifunga duka wanakwenda Moshi. Wewe unakwenda Bukoba?"

"Nina jambo la kumaliza."

"Na hilo jani?"

"Ndilo jambo lenyewe."

Mzee Salim aliingia ndani akatoka na halua, imefungwa vizuri kwenye kikapu. "Ukifika wape hii. Kwa jani peke yake hawatakuelewa, wallahi."

Tulicheka. Laiti tungemsikiliza.

Gerezani, Mbezi, na kwenda mbele

Basi la mwendokasi tulipandia Gerezani, mafundi wakiwa tayari wananyoosha mabati na kugonga viatu. Baba Mkubwa alilikumbatia isale kama mtoto mwenye homa. Kwenye stendi ya Mbezi kuli mmoja alitaka kulitupia kwenye buti la basi pamoja na mabegi, nusura wapigane.

"Mzee, hii si mboga tu?"

"Mboga ni wewe."

Ndani ya basi aliliweka katikati ya magoti. Mimi nilikaa katikati, na upande wangu wa pili alikaa kijana mwenye nywele fupi sana ambaye alikunja koti lake kwa unadhifu mpaka nikajua ni askari kabla hajasema. Anaitwa Hamisi, alikuwa likizo, anakwenda kwa wakwe zake Singida. Upande wa pili wa njia alikaa mama mmoja wa Kihaya, Ma Koku, aliyekuja Kariakoo kununua mashuka ya harusi ya binti yake na sasa anarudi nayo. Kila tulipopita kizuizi cha polisi alijifunika shuka moja na kujifanya amelala, ingawa hakuwa na kosa lolote.

Mpaka Dodoma hakukuwa na la kusimulia isipokuwa zabibu. Baba Mkubwa alinunua dirishani, akaonja moja, akasema ni chungu, akazila zote.

Kando ya barabara, mbele ya Manyoni

Hapo basi lilikata mkanda. Dereva alisema dakika kumi, kwa hiyo abiria wazoefu walitandika kanga kabisa. Hakukuwa na mti wa maana, tukajibanza kwenye kivuli cha basi, na kivuli kikawa kinatuhamisha kidogo kidogo kadiri jua lilivyosogea. Mwanamke mmoja alitokea sijui wapi na ndoo ya mayai ya kuchemsha na chumvi yenye pilipili, kana kwamba alijua tangu jana kwamba tutaharibikiwa pale.

Hamisi aliniomba kitabu. Nilimwangalia akisoma. Kuna mahali alicheka, kuna mahali alirudi nyuma kurasa kadhaa. Mwisho nikashindwa kuvumilia.

"Wewe ni askari. Niambie, aliyeandika alikuwepo vitani?"

"Dada, mimi mwenyewe sijawahi kwenda vitani."

"Lakini unaonaje?"

Alimenya yai, akafikiri. "Huyu amewahi kupanga foleni kambini. Au amekaa na mtu aliyepanga. Haya mambo ya afande kukagua sabuni kama imelowa, mtu hayatoi kichwani."

"Kwa hiyo alikuwepo."

"Sijasema hivyo. Wewe unauliza kama mpelelezi."

Baba Mkubwa, aliyekuwa amefumba macho, aliuliza bila kuyafumbua, "Mguu wako wa kushoto, soksi unaanza kuvaa ndani-nje?"

Hamisi alishtuka. "Shikamoo mzee. Ndiyo. Mshono usiume."

"Marahaba."

Basi. Kuanzia hapo Hamisi alimgawia kila alichonunua. Walizungumza soksi mpaka fundi alipomaliza. Nilikuwa nimeishi na mzee huyu maisha yangu yote, na maneno yake mengi kuliko yote kuhusu jeshi niliyasikia siku hiyo, na yote yalihusu soksi. Hamisi aliposhuka Singida alisimama wima kando ya barabara mpaka tukapotea. Sijui kama ni heshima ya jeshi au ya kawaida tu. Baba Mkubwa aligeuka dirishani, akajifanya anatafuta zabibu.

Kahama kwenda Bukoba

Usiku nililala, kwa hiyo sina ushahidi wa chochote. Asubuhi nchi ilikuwa imebadilika, vumbi limekuwa kijani. Ma Koku alifungua kopo la senene, wale panzi wa kwao, waliokaangwa, akapitisha kwa wote. Niliuliza kwa nini watu wa Bukoba wanawabeba senene kutoka Dar kurudi nao Bukoba.

"Hawa walitoka nyumbani, wakaenda kumsalimia dada yangu Temeke, sasa wanarudi," alisema. "Kula, acha maswali."

Kisha akatazama magoti ya Baba Mkubwa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliuona mmea wenyewe, maana gazeti lilikuwa limechanika.

"Mzee, hilo mnalipeleka wapi?"

"Kyaka. Ng'ambo ya mto."

"Mna jambo na watu wa huko?"

"La zamani. Nataka limalizike nikiwa hai."

"Na mahali penyewe mnapajua?"

"Napajua. Shamba la migomba chini ya jiwe kubwa. Ukisimama pale daraja unaliona."

Ma Koku alitikisa kichwa kwa huzuni. "Poleni. Na sisi tulikuwa nalo hilo kwa miaka, lilimuua baba yangu kwa mawazo. Msiende peke yenu. Shemeji yangu ni mwenyekiti wa kitongoji kulekule. Nitampigia awapokee."

Nilidhani anazungumzia vita. Baba Mkubwa alimshukuru mpaka machozi yakamlengalenga. Ma Koku alipiga simu palepale, kwa Kihaya, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa muhimu, na sisi tukaendelea kula senene wake.

Kyaka

Kutoka Bukoba tulichukua gari dogo. Kuta za kanisa lililopigwa mabomu bado zimesimama, na Baba Mkubwa hakuziangalia. Kwenye daraja alimwomba dereva apunguze mwendo. "Hili si lenyewe," alisema. "Lenyewe lilikuwa majini."

Jiwe tuliliona kwa mbali. Nilimwuliza kama ana uhakika. Alisema migomba yote inafanana, ila jiwe hilo aliliegemea. Tulipanda kilima kwa miguu, yeye mbele na isale, mimi nyuma na kikapu cha halua.

Walikuwa wanatusubiri. Mabenchi yamepangwa uani, majirani wamekaa, mwenyekiti amevaa koti. Kijana mwenye shamba, Mutalemwa, alisimama mlangoni mikono kifuani. Chini, mbele ya benchi letu, kulikuwa na kamba ya kupimia. Nilisema moyoni, Wahaya wanajua kupokea wageni.

"Karibuni," mwenyekiti alisema. "Mzee, tusizunguke. Tuonyeshe mpaka wako ulikuwa unapita wapi."

Baba Mkubwa alitazama nyuma yake kama kuna mzee mwingine. "Mpaka gani?"

"Huo uliokuja kuupanda." Akanyooshea isale kidole.

Mutalemwa hakuweza kusubiri. "Babu yangu kazikwa hapa, baba yangu kazikwa hapa! Huko Dar mmeshauziana mpaka mabonde, sasa mmekuja huku? Nani amekuuzia?"

"Kijana, sijanunua kitu."

"Basi umerithi kutoka kwa nani?"

Majirani walianza kusema wote kwa pamoja. Ilinichukua muda kuelewa. Kwao mmea huu hupandwa mpakani mwa shamba, na mzee mgeni anayefika nao mkononi, ametaja jiwe na ametaja daraja, amekuja na kesi ya ardhi. Na kichekesho ni kwamba hata kwetu hupandwa mpakani. Ila kwetu likiwa mkononi linasema kitu kingine, na sisi tukalibeba nchi nzima bila kumwuliza mtu hata mmoja kama wenyeji wake wanalisikia hivyo. Mzee Salim alikuwa ametuonya, tukamcheka.

Nilisimama nieleze. Nilianza na mila za kusini mwa Mlima Kilimanjaro. Baba Mkubwa alinivuta sketi nikakaa.

"Sikuja na mpaka," alisema. "Nilimwacha mtu hapa."

Majirani wakageuka kumtazama.

Akawaambia watu asiowajua mambo ambayo sisi wa damu yake hakutuambia. Kwamba Yohana alipigwa chini ya goti. Kwamba yeye alimlaza kwenye migomba, akamwachia maji kwenye kofia ya chuma, akamwambia nakuja na gari. Kwamba alipofika kwa wenzake amri ilikuwa imetoka ya kusonga mbele.

"Ningeweza kumwambia afande kwamba kuna majeruhi nyuma," alisema. "Nilikuwa naogopa angeniambia nirudi peke yangu. Nikanyamaza. Nikapanda gari. Katika kitabu anasema yule mwenzake alisahau. Sikusahau."

Nilitazama chini. Hilo la kusahau nilikuwa nimelisoma, nikaona limeandikwa vizuri.

Mutalemwa alishusha mikono. Mlangoni nyuma yake alitokea bibi yake, mfupi, fimbo mkononi, akauliza kwa Kihaya kuna nini. Mjukuu alimweleza. Bibi alikuja akakaa benchi moja na Baba Mkubwa, karibu kabisa, akamwangalia usoni.

"Tuliporudi kutoka tulikokimbilia tulikuta majeruhi," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Tuliwabeba. Wanaume walikuwa hawapo, tulibeba sisi. Mmoja alikuwa analia njia nzima. Mwingine alikuwa anaimba. Wako alikuwa yupi?"

Baba Mkubwa alifikiri kwa dhati. "Hakuwa mtu wa kuimba."

"Basi labda yule wa kulia."

"Alikuwa na kijiko shingoni, mama. Hukumbuki kijiko?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa naangalia njia. Shingo niliziacha."

"Na walifika kwa daktari?"

"Tuliwafikisha barabarani, magari yakawachukua. Mbele ya barabara sijui." Alimshika mkono. "Hata mimi nimekaa nikijiuliza."

Nilifungua halua. Bibi alionja, akafumba macho, akamwambia mjukuu wake kwamba watu wanaokuja na kitu kitamu namna hii hawaibi ardhi. Ndipo watu wakacheka, na mwenyekiti akavua koti. Waliniletea kahawa kavu ya kutafuna, nami nikaimeza na maji kama dawa. Watoto wa majirani wanasimulia mpaka leo, nina hakika.

"Na hilo jani sasa?" Mutalemwa aliuliza.

"Nilikuja kuliacha," Baba Mkubwa alisema. "Kama mtaruhusu."

Mutalemwa alikuna kichwa. "Lipande, mzee. Lakini si pembeni! Ukilipanda pembeni, wajukuu zangu watauana."

Walilipanda katikati ya ua, kati ya jiko na kamba ya nguo, mahali ambapo haligawi kitu chochote. Mutalemwa alichimba, bibi akalimwagia maji ya kuoshea vikombe. Baba Mkubwa alipiga magoti akashindilia udongo kwa viganja. Alipoinuka aliniangalia, na mbele ya watu wote akaniita kwa jina, akauliza lilelile.

"Aika, mwanangu. Aliyeandika, alikuwepo?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimwona anavyotaka.

"Sijui, Baba Mkubwa."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kunawa.

Kurudi

Ma Koku alitupigia simu tukiwa Bukoba stendi, anacheka na kuomba radhi kwa wakati mmoja. Shemeji alikuwa ameshamwambia. Alitualika kwenye harusi, na kama adhabu yake alitutumia kopo la senene kwa kondakta. Kwa hiyo wale senene wa Temeke walipata ndugu zao Kariakoo.

Njia nzima Baba Mkubwa alilala. Pale mbele ya Manyoni nilimwamsha nimwonyeshe mahali tulipokaa na Hamisi. Alifungua jicho moja, akasema "mayai," akalala tena. Mzee Salim alituuliza kama halua ilifaa. Baba Mkubwa alimwambia ndiyo iliyotuokoa, na tangu siku hiyo hatujapumua kwa majigambo ya Mzee Salim.

Tulifungua duka, maisha yakaendelea. Kitabu mlikiazima mmoja baada ya mwingine mpaka jalada likaisha kabisa, na bado wengine mlikuwa mnakidai. Ndiyo sababu, muda mrefu baadaye, nilirudi kwa yule muuza vitabu wa Posta kuuliza kama ana nakala nyingine. Alinielekeza kwa mjane wa mwandishi, kule Msimbazi, ambaye ana nakala kwenye maboksi chini ya kitanda. Nilikwenda. Mama mchangamfu, alinikaribisha chai kabla sijasema shida yangu. Nikamwuliza swali lile, mume wako alikuwepo vitani?

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Vitani? Yule? Yule alikuwa karani wa stoo Gerezani, alikuwa anamkimbia hata panya!"

Kwa hiyo hakuwepo. Nilikuwa nawaza nitamwambiaje Baba Mkubwa, wakati yule mama anaendelea kusema. Habari zote, alisema, mumewe alipewa na fundi viatu mmoja aliyefanyia kazi nje ya stoo, mtu wa kusini, anachechemea, ambaye baadaye alioa akarudi kwao Masasi. Kila jioni alikuja naye nyumbani, mmoja anasimulia, mwingine anaandika.

"Jina lake nimelisahau," alisema. "Nakumbuka nilikuwa namwekea chai na kijiko kwenye kisosi, na kila siku kijiko changu kinarudi kikavu. Alikuwa na chake. Alikivaa shingoni, kwa kamba ya kiatu."